Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jina Steere na Ile "e" ya Mwisho

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na habari za siku nyingi kwa wote ambao hatujaonana tangu mkutano mkuu uliopita. Katiba ya chama chetu cha kufuatilia majina ya koo inanitaka niwaeleze muda wenu na fedha zenu vimekwenda wapi. Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, naye ana ya kusema. Mimi nitakaa kwenye kazi yenyewe.

Mtakumbuka tulivyobishana mwaka jana hadi kahawa ikapoa, tukitafuta jina moja la ukoo la kulifuatilia mwaka mzima. Wengi walitaka jina la kwetu. Akasimama mzee mmoja akauliza: hivi nyote humu hamna rafuni jina moja la Kiingereza ambalo limekaa miaka, na hakuna aliyewahi kuliuliza limetoka wapi? Ukumbi ukanyamaza. Jina hilo ni Steere.

Kila aliyegusa historia ya Kiswahili amekutana nalo. Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria mpaka shahada ya udaktari, kisha akaiacha mahakama na kuwa kasisi. Aliondoka Uingereza pamoja na Askofu William Tozer, na misheni yao iliyoanzia upande wa Mto Shire ikahamia Zanzibar mwaka 1864. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, mkiwamo kisa cha punda wa dobi ambacho wengi wetu tulikisikia kwa bibi kabla hatujajua kusoma. Akatafsiri Agano Jipya, akafundisha vijana kazi ya uchapaji, akajenga kanisa kuu pale Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Akawa askofu mwaka 1874, akafariki Agosti 1882, na amezikwa humohumo kanisani, nyuma ya madhabahu.

Hayo mnayajua. Ambalo sikulijua mimi, na naona haya kulisema baada ya miaka yote hii ya uenyekiti, ni kwamba jina lake ni adimu hata huko kwao. Wapo kina Steer, wapo kina Steers, wapo kina Stear. Steere mwenye "e" mwishoni ni wachache, na kwa karne nyingi jina hilo lilikuwa na makazi yanayojulikana. Mwaka wetu wote tumeutumia kuikimbiza herufi moja.

Nianze na maana, kwa sababu ndiyo iliyowachekesha watu kwenye kikao cha robo ya kwanza. Kwa Kiingereza cha kale, stēor ni ng'ombe dume mchanga. Baadaye neno likabaki na yule aliyehasiwa, yaani maksai. Ni lakabu. Mtu fulani, pengine wa karne ya 13, alikuwa na shingo nene au alikuwa mbishi kupindukia, jirani zake wakamwita Maksai, na watoto wake wakaitwa hivyo baada yake. Wenzetu wa Pemba, ambao wanawajua ng'ombe wa mchezo kuliko sisi wengine, walisema maksai hana hadhi uwanjani na kwamba askofu kaonewa. Niliwajibu kwamba kwa mkulima wa Kiingereza wa zama hizo maksai ndiye aliyelilima shamba lote, na kumwita mtu hivyo hakukuwa lazima kumtukana.

Hapa lazima nigusie tofauti ya kwetu na kwao, maana wanachama wapya waliniuliza. Kwetu mtoto hubeba jina la baba, kisha la babu, na mjukuu anapoandikishwa shule jina la babu wa babu limeshadondoka. Majina yanayodumu ni ya nisba na koo, kama Mazrui, Barwani au Nabahani. Uingereza nao walikuwa hivyo. Baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066 ndipo desturi ya jina la kurithi ilipoanza kwa matajiri wa kusini, ikasambaa polepole, na kufikia karibu mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa nalo. Jina likishashika hupita kwa wanaume tu. Kwa hiyo mwenye mabinti pekee hulizika jina pamoja naye, na jina adimu laweza kufa kwa kijiji kimoja kukosa watoto wa kiume vizazi viwili. Steere limedumu kwa sababu lilikuwa na mahali pa kudumia.

Mahali penyewe ni kusini mwa Surrey, mkoa ulio kusini mwa Uingereza: Ockley, na vijiji jirani vya Capel na Newdigate, chini ya Leith Hill, kilima cha mita 294 ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika mkoa huo. Ukitazama ramani utaona barabara iliyonyooka kama uzi ikikata Ockley. Hiyo ni Stane Street, ya Warumi, iliyotoka London kwenda Chichester. Mtu angedhani barabara ya namna hiyo ingewatawanya watu. Haikuwatawanya, na sababu ni udongo. Ukanda huo unaitwa Weald: mfinyanzi mzito na misitu ya mialoni, njia ambazo wakati wa masika na baridi zilikuwa tope la kumeza gurudumu. Msafiri mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 18 aliandika kwamba upande wa Sussex, si mbali na hapo, alimwona bibi mmoja wa heshima akipelekwa kanisani kwa gari lililovutwa na ng'ombe sita, kwa kuwa farasi wasingeweza njia ile. Sussex walilima kwa maksai mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Basi lakabu ya maksai ilizaliwa mahali ambapo maksai alikuwa na kazi, na tope lilelile lililomhitaji ndilo lililowafanya wenye jina wasiende mbali. Kwenye taarifa yote hii, hilo ndilo lililonipendeza kuliko mengine.

Katika Ockley kina Steere hawakuwa wakulima wadogo tu. Walipanda hadhi mpaka wakawa na makao ya Jayes Park, na mmoja wao, Lee Steere Steere, akawa mbunge wa West Surrey kuanzia mwaka 1870 hadi 1880. Jina limerudiwa, na si kosa la katibu. Lilikuwa jambo la kawaida kwa familia zenye ardhi kuliokoa jina kwa namna hiyo: mali ikipitia kwa mwanamke, mrithi hupewa jina la ukoo wa mama kama jina la kubatizwa, au hulitwaa rasmi kama sharti la urithi, na wakati mwingine yote mawili. Nilisema jina hupita kwa wanaume. Kwenye ardhi, jina hufuata hati ya shamba.

Sasa tuje kwenye makarani, ambao ndio waliotupotezea miezi mitano.

Uingereza ina kumbukumbu za kutosha kumtia mtu wivu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Tangu tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe huandikisha vizazi na vifo katika Uingereza na Wales. Sensa hufanywa kila miaka kumi tangu mwaka 1801, na tangu 1841 ina majina ya watu wote. Kumbukumbu zote hizo zimeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Mkulima wa Ockley hakujua kusoma. Kasisi alimuuliza jina, akalisikia, akaliandika alivyozoea. Kasisi akifa na kuja mwingine, ukoo mzima hubadili tahajia siku hiyohiyo bila habari. Baba anabatizwa Stere, anaoa kama Steer, anazikwa Steere. "e" ya mwisho haitamkwi. Haina sauti, haina maana, na si ushahidi wa damu.

Tulilijifunza hilo kwa gharama. Mwanzoni mwa mwaka tuliagiza nakala mbili za vyeti vya ndoa, na zilipofika zote zilikuwa za Steer, bila "e". Mweka hazina alikasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye niliyejaza fomu usiku bila miwani. Tukaziweka kando. Baada ya wiki kadhaa binti yetu anayeshika maktaba akazitazama tena, akagundua kuwa bwana harusi mmojawapo hakutia saini bali alama ya msalaba, na kwamba jina la baba yake na kazi ya baba yake vilifanana na vya ubatizo mmoja tuliokuwa tumeshaunakili chini ya Steere. Mtu ni yuleyule. Kalamu ndiyo tofauti. Tangu siku hiyo tuliamua kutafuta kwa mahali kwanza na kwa herufi baadaye. Sijutii zile fedha, ingawa mweka hazina bado anazijutia.

Yupo aliyesema sensa ya mwaka 1881 ingetutatulia yote, kwa kuwa iliwahi kunakiliwa nzima na watu wa kujitolea, wakishirikiana na Wamormoni, na ndiyo inayotumika sana kuchora ramani za majina. Ni kweli, ramani zake ni nzuri: unaandika jina na mkoa unakolea rangi. Ila kumbukeni zilivyotengenezwa. Mwenye nyumba alijaza karatasi, karani wa sensa akanakili kwenye daftari lake, kisha zile karatasi za wenye nyumba zikatupwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtu mwingine akanakili daftari. Hapo "t" isiyokatwa vizuri inakuwa "l", na tumekuta Sleere. "R" inakuwa "v", na tumekuta Steeve. Sensa ya mwaka 1911 ni habari nyingine kabisa, kwa sababu karatasi za wenye nyumba wenyewe zilihifadhiwa. Kwa kaya nyingi hiyo ndiyo mara ya kwanza katika sensa kuona mwenye jina akijiandikia jina lake. Ukitaka kujua nani alijiona Steere na nani alijiona Steer, nenda 1911.

Baada ya hapo njia inakuwa nyembamba. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Inayofuata kufunguliwa ni ya 1951, mwaka 2052, na wengi wa kamati hii tutakuwa tumeshakuwa majina kwenye rejista ya aina nyingine.

Kuna swali la kina Steer wa Devon, mkoa wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako jina hilo lisilo na "e" limetulia kwa muda mrefu. Je, ni ndugu wa hawa wa Surrey? Ndugu yetu mmoja aliandika waraka wa kurasa kumi na mbili kuthibitisha kuwa walihama pamoja. Niliusoma kwa heshima na kuupinga kikaoni, na naupinga tena hapa. Lakabu ya mnyama haihitaji mzazi mmoja. Popote penye maksai na mtu mbishi, jina huzaliwa. Ni tofauti na jina linalotokana na kijiji kimoja, kama Attenborough, ambalo limetoka kwenye kijiji cha jina hilo huko Nottinghamshire. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walichapisha utafiti wa majina arubaini ya Kiingereza wakipima kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwana kama jina. Wanaume wanaoitwa Smith hawakukaribiana kuliko wapita njia wowote. Kwenye majina adimu ilikuwa kinyume: wengi waliangukia kwenye mzizi mmoja au michache, na Attenborough walikuwa mfano bora kabisa. Kwa hiyo uadimu wenyewe ni dalili. Ningetarajia kina Steere wa Surrey wakaribiane, na kina Steer wa Devon wawe mti mwingine. Mchoraji Philip Wilson Steer, na mwandishi wa habari George Steer, aliyeripoti vita vya Uhabeshi na kisha kulipuliwa kwa mji wa Guernica, Hispania, mwaka 1937, nimewaweka kwenye faili la pembeni. Wanaotaka kuwahamishia faili kuu wana nafasi ya kujieleza katika mengineyo.

Sasa ng'ambo, na hapa ndipo palipokuwa na raha ya kazi.

Jina ambalo tope lililishika karne nyingi, bahari ililichukua upesi. John Steere alikuwa ametia nanga Providence, Rhode Island, karibu mwaka 1660, koloni changa iliyoanzishwa na Roger Williams mwaka 1636 kwa ajili ya watu waliochoka kulazimishwa dini. Huko alimwoa Hannah, binti wa mhubiri wa Kibaptisti William Wickenden. Wana wakawa wengi, ardhi ikawa nyingi, na mwaka 1890 ukoo huo ulikuwa mkubwa kiasi cha kuchapishiwa kitabu kizima cha nasaba. Mnaona mlinganisho: Surrey jina linabanwa na urithi wa shamba moja, Rhode Island kila mwana anapata shamba lake. Jina adimu huacha kuwa adimu likipata ardhi. Mshairi Richard Steere, mzaliwa wa Chertsey, Surrey, mwaka 1643, naye alivuka akaishia Long Island.

Kutoka Marekani jina limefika pasipotarajiwa. Joseph Beal Steere wa Michigan alizunguka Amazoni, Taiwan na Ufilipino miaka ya 1870 akikusanya ndege na mimea. Leo ndege mmoja wa milima ya Taiwan kisayansi anaitwa Liocichla steerii, na Ufilipino wapo wengine wenye jina hilo. Daktari Allen Steere ndiye aliyechunguza ugonjwa wa viungo katika mji wa Lyme, Connecticut, miaka ya 1970, ambao dunia sasa inauita ugonjwa wa Lyme. Na katika nyumba ya wagonjwa iitwayo Steere House huko Providence aliishi paka Oscar, aliyepata umaarufu mwaka 2007 kwa desturi yake ya kwenda kujilaza kando ya wagonjwa waliokuwa karibu kukata roho. Katibu alisema paka asiingie kwenye taarifa rasmi. Ameingia.

Tawi la Australia ndilo rahisi kulifuata kwa kuwa halikuficha lilikotoka. James George Lee Steere, mzaliwa wa Ockley mwaka 1830, alikuwa baharia wa meli za biashara kabla ya kuhamia Australia Magharibi mwaka 1860. Shamba lake karibu na Mto Blackwood aliliita Jayes, jina la nyumba ya kwao. Akaingia siasa, akawa Spika wa kwanza wa bunge la chini la Australia Magharibi mwaka 1890, na akakaa kwenye kiti hicho mpaka alipofariki mwaka 1903. Mpwa wake, Ernest Augustus, alikuwa tajiri wa mifugo na farasi. Farasi wake Eurythmic alishinda Kombe la Caulfield mwaka 1920. Karne saba baada ya maksai, ukoo ukapanda farasi. Hata jangwani kuna safu ya vilima inayoitwa Lee Steere.

Narudi kwa askofu. Wanachama watatu waliniandikia wakitaka bango letu la maonyesho limwonyeshe kama jamaa wa watu wa Jayes Park. Nilikataa, na bango lilitoka bila mstari huo. Alizaliwa London, baba yake alikuwa mtu wa sheria, na London ilijaa watu waliotoka kila parokia ya kusini. Kufanana kwa jina, hata jina adimu, si cheti cha ubatizo. Tukimkuta kwenye rejista mzazi wa mzazi wake, tutauchora mstari kwa wino.

Lakini nawaachia jambo hili mlipime. Mtu huyu alikaa na masheikh na wasimuliaji wa Unguja akisikiliza maneno ambayo kwa karne nyingi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, akiamua yatakaaje kwa herufi za Kilatini: wapi "k", wapi "kh", neno ligawanywe wapi. Lahaja aliyoiandika, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Alikuwa kwetu yule karani wa parokia: anasikia, anaandika, na tunabaki tulivyoandikwa. Naye mwenyewe alitembea na herufi isiyotamkwa, aliyobandikwa na karani mwingine ambaye hakumjua.

Mambo ya chama. Tulifanya vikao vinne, kimoja kwa simu kwa sababu ya mvua. Waliohama Uingereza wametusaidia sana kwa kwenda wenyewe kusoma mawe ya makaburi; mmoja alikwenda Ockley siku ya baridi kali na kuturushia picha zenye ukungu mtupu, tukazipokea kwa shukrani. Kuna mwanachama aliyejiuzulu kwa sababu ya lile suala la Devon. Mlango uko wazi, na waraka wake umehifadhiwa kwenye faili lake kama alivyoomba.

Ada haipandi. Jina la mwaka ujao litapigiwa kura, na mapendekezo yafike kwa katibu kabla ya mkutano. Mwaka huu naomba tuanze na jina la hapa nyumbani, na nasema mapema ili nisionekane navizia kura. Nani anayo picha nzuri ya kaburi lile la Mkunazini? Yangu imekatwa ukingoni, na herufi ya mwisho haionekani.

Mwenyekiti